Kodi ya pili ndiyo humrudisha barazani

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nauza dagaa na viungo Soko la Majengo. Tangu Januari kuna dada analala kwenye baraza la duka jirani na meza yangu. Ana binti wa kama miaka saba na kichanga kinachonyonya. Anasema ametokea vijijini upande wa Chamwino, mumewe alifariki mwaka jana, wakwe wakamwambia arudi kwao, na kwao nako hakukaliki. Mchana anaosha vyombo kwa mama ntilie. Kikoba chetu tuko kumi na wawili, tumechanga 20,000 kila mmoja, zipo 240,000. Sasa tumegombana. Wengine wanataka apewe mtaji wa mandazi, wengine akatiwe tiketi arudi kijijini, mmoja anasema watoto wapelekwe kituo cha yatima. Wapo pia wanaosema hao ni ombaomba wa kazi, yaani kuomba ndiyo ajira yao, watu wa huku ndivyo walivyo, ukimpa leo kesho analeta na ndugu zake. Siku nyingine huyo dada haongei kabisa, anatazama tu, mtoto analia hamshiki. Natamani nimlaze kwangu, mume wangu hataki, anaogopa lawama. Tufanye lipi litakalomsaidia kweli?"

Marahaba, mama. Umeuliza mengi ila mzigo ni mmoja: mnaogopa kutupa hela ya jasho lenu, na papo hapo mnaogopa kumwacha mtu pale nje mpaka yatokee ya kutokea. Hofu zote mbili ni za haki. Na ugomvi wenu usikutishe. Katika kazi hii ya ustawi wa jamii nimeona vikundi vinavyobishana hivi vikimsaidia mtu kuliko vile vinavyokubaliana kwa dakika tano, vikaenda kupiga picha na mfuko wa unga, basi.

Jambo la haraka umeliweka karibu na mwisho, mimi naanza nalo. Mama anayenyonyesha ambaye siku nyingine hasemi, macho yametulia mahali pamoja, mtoto analia na yeye hanyanyui mkono, huyo asisubiri kikao cha kikoba. Amefiwa, amefukuzwa, ana mtoto mchanga, usiku halali kwa kuogopa vibaka na wanaume walevi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuingia kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona humwondolea mtu nguvu ya kufanya hata lile analolitaka. Wapita njia husema "mama gani huyu hana huruma". Ni ugonjwa, na unatibika.

Usimtume hospitali, msindikize. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu au kliniki ya mama na mtoto ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mweleze mhudumu kama ulivyonieleza mimi. Wakiona ipo haja, watamwelekeza Mirembe. Najua jina hilo hapa mjini linavyotumika kama tusi, watu wanataniana nalo kwenye daladala. Lakini ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kwenda pale hakuna maana ya kufungiwa. Wapo wengi wanaokwenda asubuhi wakarudi kwao mchana na dawa zao. Akikuambia anatamani kufa, anasikia sauti zinazomwamuru, au anaogopa atamdhuru mtoto, mpelekeni siku hiyohiyo wala asiachwe peke yake na watoto. Kichanga nacho kikiacha kunyonya, kikalegea, kikawa na homa au kinapumua harakaharaka, ni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure vituo vya serikali. Kwa mama mwenyewe, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, maana msamaha wa matibabu kwa asiye na uwezo hupitia hapo.

Haya, tuje kwenye maneno ya mezani, kwamba hao ni ombaomba wa kazi na watu wa huku ndivyo walivyo. Siwezi kukuambia kwamba ombaomba wa kazi hawapo. Wapo, nitawagusa baadaye. Lakini hilo la "ndivyo walivyo" linamkosea mtu na linawapotosha nyinyi wenye hela.

Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mzima mvua yenyewe ni kama milimita 500 hadi 600. Mtama na uwele huvumilia, mahindi hayavumilii. Mvua ikikata Februari, akiba ya mwaka uliopita imeshaliwa na mavuno yapo mbali. Ndipo watu hutoka kwenda kuhemea: kufanya vibarua, kubadilishana mbuzi kwa nafaka, kuomba kwa ndugu, na vikishindikana vyote, kuomba kwa wasiowajua. Wazee wa Ugogo, nchi hii ya Wagogo, walirithishana habari za njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipochukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na mvua nazo zikagoma. Mtu ambaye babu yake aliokoka kwa kutoka, naye akibanwa hutoka. Sioni tabia ya kabila hapo, naona njia ya kuokoka ambayo imezoeleka.

Kwa hiyo unapomwona mtu barazani, swali la kwanza ni hili: huyu amekuja kuhemea, au huko alikotoka hana pa kurudi? Msaada wao haufanani. Anayehemea ana nyumba na ana shamba. Anahitaji chakula, kibarua na nauli, basi. Huyu dada wako amekuja Januari. Mwenye shamba, Januari yupo kwenye jembe, anapanda au anapalilia, hata kama ana njaa, kwa sababu asipolima msimu huu mwakani atakuwa hoi zaidi. Mama anayeondoka kijijini katikati ya kilimo na kichanga mgongoni, mara nyingi ni mtu aliyenyang'anywa shamba lenyewe.

Tazama na mfuko wake, bila kumpekua. Anayehemea huja na kiroba kitupu cha kujaza nafaka, vitu vya thamani kaviacha kwa bibi. Aliyetolewa hubeba vyote: kadi ya kliniki ya mtoto imeviringishwa ndani ya nailoni na kufungwa kwa kipande cha kitambaa, sufuria moja isiyo na mfuniko, kanga nzuri asiyoivaa. Ukiona kadi ya kliniki imetunzwa hivyo na mtu anayelala juu ya boksi, huyo hajakata tamaa na wanawe, hata kama siku nyingine hawashiki.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulielewa vibaya. Wengi hudhani mtu analala nje kwa kuwa hana hata hela ya kula. Lakini huyu anaosha vyombo, analipwa. Tuseme anaondoka na 3,000 au 4,000 siku ya kazi, pamoja na ukoko wa wali. Mbona basi hapangi chumba?

Wewe ni mfanyabiashara, utanielewa upesi. Hapo Majengo kila kitu kinauzwa kidogokidogo: mafuta ya kupima, sukari ya kufunga, mchele robo, dagaa wako wenyewe unawauza kwa fungu. Chumba peke yake hakiuzwi kwa fungu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu. Chumba cha 30,000 maana yake ni 90,000 kwa mwenye nyumba na 30,000 kwa dalali: 120,000 kabla hujafungua mlango. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya hapo. Hata bei zilivyopanda tangu wakati huo, utaona umbali uliopo kati ya mtu wa namna hiyo na hiyo 120,000 ya mkupuo. Na mji umejaa. Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilikuta 765,179. Serikali ilihamia, watumishi wakaja, wanafunzi wakaja, wajenzi wakaja. Mwenye nyumba ana wa kuchagua, na hamchagui mama mwenye kichanga asiye na mdhamini.

Mtaniambia adunduize. Adunduize wapi? Akiificha kwenye kanga, anaibiwa akisinzia. Hawezi kununua unga wa wiki kwa kuwa hana pa kuuweka, hivyo kila siku ananunua kwa bei ya rejareja, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Maji ya kuoga analipia, choo cha soko analipia. Kulala nje kuna gharama zake, na ndizo zinazomzuia kutoka nje.

Kisha lipo la karatasi. Nchi yetu mtu anatambulika kupitia mtaa wake. Barua ya utambulisho inatoka kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, na kwa barua hiyo unafungua milango mingine: kitambulisho cha taifa, nafasi ya mtoto shuleni, mkopo wa halmashauri, msamaha hospitalini. Barazani kwenye duka si makazi yanayompa mtu barua. Kwa hiyo huyu dada, licha ya kukosa kitanda, hayupo kwenye daftari lolote la mji huu.

Ukishaona hivyo, mapendekezo ya wenzako yanapimika.

Mtaji wa mandazi ni wazo zuri lililowahi mno. Ngano ataiweka wapi? Karai la mafuta ya moto na kichanga kinachoanza kutambaa, barazani? Na usiku mtoto akipata homa, mtaji ndiyo hela pekee iliyopo, ataitumia, na atakuwa amefanya sawa. Halafu kikoba kitasema "tuliwaambia". Mtaji huliwa na dharura. Mtu apate kwanza mahali ambapo dharura haimkuti kila siku.

Tiketi ya kijijini nimeshaisikia sana, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na inamwondoa mtu machoni. Jiji la Dar es Salaam limewahi zaidi ya mara moja kuwakusanya ombaomba na kuwarudisha makwao, na wengi wakarudi, kwa sababu kilichowatoa kilikuwa bado kipo kule. Sisemi tiketi ni mbaya siku zote. Ni nzuri kama mwenyewe anataka, kama yupo mtu wa kumpokea ambaye mmeongea naye kwa simu, si wale wakwe waliomtoa, na kama mtendaji wa kijiji anajua kwamba anakuja. Lakini amekuambia kwao "hakukaliki". Neno hilo wanawake hulitumia kufunika mengi: kipigo, baba wa kambo, shemeji anayetaka kumrithi. Usimchimbe siku ya kwanza. Akikuamini atasema.

Suala la wakwe nalo lisiachwe hivihivi. Kufiwa na mume hakumfutii mjane haki, na watoto wana haki katika mali ya baba yao. Njia yake ni mirathi: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia watu wasio na uwezo bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji itawaelekeza kwao. Ila hayo ni ya mwezi wa tatu au wa nne tangu apate pa kulala. Mtu hawezi kupigania shamba la Chamwino akiwa analala Majengo.

Kituo cha watoto hapana, walau si kwa haya uliyonieleza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na kikundi cha mtaani hakina mamlaka ya kumtenganisha mtoto na mama, hata kwa huruma iliyoje. Maamuzi hayo yana njia yake, kupitia afisa ustawi wa jamii na mahakama. Umaskini wa mama peke yake hautoshi kuwa sababu. Kichanga kinachonyonya ukikipeleka kituoni unakinyima maziwa, na mama wa sonona ukimwondolea watoto unamwondolea sababu ya kuamka asubuhi. Ikitokea mama kalazwa, au kuna ukatili, kwanza hutafutwa ndugu, kisha zile zinazoitwa familia za kuaminika, na kituo huja mwisho. Huyo mwenzenu aliyelileta wazo hili msimlaumu. Wengi tumekuzwa tukiamini kwamba kituo ni sehemu ya kula na kusoma, na hatuulizi mtoto anapoteza nini.

Imebaki chumba. Mimi ningeanzia hapo, na hela mnayo. Vyumba vya 30,000 tafuteni pembezoni, Chang'ombe au huko kwenu Nkuhungu, hata kikiwa cha bati bila dari, mradi kina mlango unaofungwa na choo kipo karibu. Kodi ya miezi mitatu 90,000, alipwe mwenye nyumba mkononi, kwa mkataba wenye jina la dada mwenyewe. Dalali 30,000, mkipata chumba kwa kuulizana wenyewe, hiyo inabaki. Vitu vya ndani msinunue vipya: kumi na wawili hamkosi mkeka, blanketi, ndoo, sufuria na jiko la mkaa majumbani mwenu, nunueni chandarua na godoro la mtumba, isizidi 40,000. Binti awekewe 30,000 ya sare na madaftari. Elimu bila malipo katika shule za serikali ilianza 2016, lakini sare hazijawahi kuwa bure, na mtoto wa miaka saba anayeshinda sokoni anajifunza soko. Zinabaki 50,000. Hizo msizile, msizigawe, na msimpe bado.

Hizo 50,000 ni za kodi ya pili, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa maana ndipo misaada mingi huzama. Kila mtu huchangia kodi ya kwanza. Kuna furaha, kuna picha, kuna mama anayelia kwa shukrani. Miezi mitatu inapita kama wiki. Mwenye nyumba anakuja, kikundi kimeshahamia kwenye harusi ya mtu, dada ana 12,000 ndani ya kopo. Anaona aibu kurudi kwenu, kwa sababu mlishamsaidia. Anatoka usiku na watoto, wala hamumwoni tena Majengo. Anakwenda kulala Sabasaba au kule stendi Nzuguni ambako hamumjui mtu. Na kikoba kinabaki kikisema watu hawa hawasaidiki.

Kwa hiyo kodi ya pili ianze kuwekwa wiki ya kwanza. Kila siku aliyofanya kazi, dada aweke 1,000 kwa mmoja wenu, kwenye daftari mnaloandika wote wawili na kila mmoja ana nakala. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, miezi mitatu ni 78,000. Hata akikosa nusu ya siku kwa kuumwa au mtoto kuumwa, ni 39,000. Ongeza zile 50,000, mnakaribia kabisa 90,000. Mwezi wa tatu wa kukaa chumbani mkamwone mwenye nyumba mapema, si siku kodi inaisha, mkamwombe apokee kwa mwezi mmoja mmoja kikoba kikiwa mdhamini. Wengi hukubali wakishamjua mpangaji. Kodi ya pili ikilipwa kwa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwake, hapo sasa zungumzeni mandazi. Na mtaji mmpe kwa utaratibu uleule mnaokopeshana nyinyi, akiwa ameingia kwenye kikoba kwa hisa ndogo.

Kabla ya yote hayo, muulize yeye. Nendeni wawili, siyo kumi na wawili, jioni soko likipungua, na msianze na fedha. Kama hawezi kuamua kwa sababu ya ile hali ya kunyamaza, tibuni kwanza hiyo. Hata akiwa sawa anaweza kukataa chumba mlichompatia kwa sababu kipo mbali na mama ntilie anayempa kazi. Msikilizeni, yeye ndiye atakayetembea na kichanga mgongoni alfajiri. Ufunguo ni wake. Msimwekee masharti ya nani aje kumtembelea na kanisa gani asali.

Ofisini, mwanze na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wa kile chumba, siku anayohamia, ili aandikwe. Hapo ndipo ile barua inapopatikana. Kisha afisa ustawi wa jamii wa kata, au wa Jiji kama kata haina. Mtamsikia mtu akisema "mpelekeni TASAF", yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ni kweli upo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulianza 2012, unatoa ruzuku kwa kaya na ajira za muda, lakini walengwa huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji na huandikishwa kwa awamu, hivyo si mlango wa kugonga leo ukafunguliwa kesho. Akishakuwa mkazi anayejulikana, jina lake litaweza kutajwa mkutanoni, na nyinyi mtakuwepo kulitaja. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wenye fungu la wanawake, ni wa baadaye sana. Msimtwike deni mtu anayetafuta usingizi.

Niliahidi kuwagusa ombaomba wa kazi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu wazima wanaotumia watoto wa wengine. Dalili zake: mtoto anayebadilika kila wiki kwa "mama" yuleyule, kichanga kilicholala mchana kutwa hata kwenye kelele za soko, mtu amekaa ng'ambo ya barabara anakuja kukusanya hela jioni. Kwa uliyoyaandika sioni hata moja kwa huyu dada; mtoto anayelia ni mtoto ambaye hajaleweshwa. Ukiziona kwa mwingine, usiende kugombana naye. Piga 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na sarafu za Ijumaa, wapeni watu wazima. Mtoto anayepewa hela mkononi na watu wazuri kila siku ndiye mgumu kuliko wote kumrudisha darasani, kwa sababu ameshakuwa tegemeo la nyumba.

La mwisho, kumlaza kwako. Kama mumeo hajakubali, usifanye. Mgeni akiingia nyumba yenye mgogoro yeye ndiye atakayeonekana chanzo, na ataondoka usiku na aibu nyingine juu ya alizonazo. Tena hofu ya mumeo ina msingi: likitokea la kutokea kwa kichanga ndani ya nyumba yenu, maswali yatakuja kwenu. Lakini kati ya leo na siku ya kupata chumba kuna usiku kadhaa, na hizo zinaweza kupatikana kwa njia nyingine. Muulizeni mama ntilie wake kama kibanda kina sehemu ya kufunga. Ulizeni paroko, mchungaji au imamu aliye karibu na soko kama kuna chumba cha wageni. Mumeo akibadili msimamo, basi iwe usiku wa kuhesabika uliotajwa tangu mwanzo mbele ya dada mwenyewe, na mjumbe wenu au mwenyekiti wa mtaa aarifiwe jioni ileile kwa ujumbe wa simu, ubaki nao. Yeye mumeo mpe kazi ya kwenda kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi. Wenye nyumba wengi wa huku, upende usipende, husikia haraka mwanamume mwenzao akisema "mimi ndiye mdhamini".